Kutoka Uani Hadi Chumba cha Siri: Historia ya Bangi, Taa na Feni

Usiku wa giza, ule usio na mbalamwezi, panda kwenye mawe ya Capri Point halafu tazama ziwani. Utaona kama kuna mji mwingine umewaka juu ya maji. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unawasubiri chini. Kwa mtu wa Mwanza hiyo ndiyo taa ya usiku inayoleta hela, na haijifichi. Hata aliyeko Kamanga anaiona.

Ila kuna taa nyingine ambayo vijana wengi wa mjini wanaijua kwa kuiona kwenye simu tu. Ni klipu ya sekunde 30: chumba kidogo, hema jeusi, taa ya rangi ya zambarau, feni inazunguka taratibu, na miche ya bangi imesimama kama maua ya hotelini. Chini yake watu wanaandika "huu mchongo". Wengine wanauliza bei ya taa. Ukiitazama haraka inaonekana kama biashara ya kisasa, kitu cha watu wajanja walioenda shule.

Basi bwana, ukifuatilia historia yake unakutana na kitu ambacho klipu haikuambii. Ile taa na ile feni hazikuzaliwa na kilimo. Zilizaliwa na kujificha. Huo mmea ulitoka kwenye jua la bure ukaingizwa chumbani kwa sababu ya sheria, helikopta na polisi. Na kila kifaa kilichoongezwa ili kuuficha kiligeuka kuwa ndicho kinachomuumbua mwenye nacho.

Twende tangu mwanzo.

MMEA ULIOKUWA UANI

Bangi sio mmea wa asili ya Afrika Mashariki. Asili yake ni Asia, na huku ilifika na biashara za Bahari ya Hindi, safari zilezile zilizoleta mambo mengine mengi pwani. Hata jina linajisema lenyewe: "bangi" ni ndugu wa "bhang" ya Wahindi na "bang" ya Waajemi. Ethiopia, kwenye pango moja karibu na Ziwa Tana, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vichwa vya viko vya karne ya 14 vikiwa na mabaki ya bangi ndani. Kwa hiyo mtu akikuambia bangi ililetwa na Wazungu au na muziki wa rege, mwambie arudi nyuma miaka 600.

Kutoka pwani ikaingia bara kwa njia za misafara. Njia hizo zilibebwa mabegani na Wanyamwezi na Wasukuma, wapagazi waliotembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita humohumo wakitafuta chanzo cha mto Nile. Burton alibaki Tabora, wakati huo wakiiita Kazeh, na Speke akapanda kaskazini hadi akafika Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858 akasimama juu ya kilima, akaliona ziwa, akalipachika jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari: Nyanza.

Burton alipochapisha kitabu chake mwaka 1860, aliitaja bangi kama kitu cha kawaida kabisa njiani. Inaoteshwa karibu na nyumba za watu, inavutwa kwa kiko cha kibuyu chenye maji. Hakuna ukuta wala mlinzi. Jua lilikuwa taa yake, upepo ndio feni.

Upande wa pili, Kongo, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Miaka ya 1880 msafiri Mjerumani Hermann von Wissmann alikuta jamii nzima ya Walulua wakijiita Bena Diamba, yaani wana wa bangi. Walikuwa wamekubaliana kuacha vita, wakakaa pamoja kuvuta kama ibada ya udugu. Mtu akikosea, adhabu mojawapo ilikuwa kuvutishwa bangi nyingi mpaka aishiwe nguvu. Wissmann huyohuyo mwaka 1895 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Mwanza ikiwa ndani yake. Dunia ndogo kweli.

Tusipambe lakini. Sio kwamba enzi hizo kila mzee alivuta, wala sio kwamba jamii zote ziliipenda. Zipo zilizomdharau mvutaji. Ila ilikuwa ni ishu ya kusemana ndani ya jamii, kama pombe. Haikuwa ishu ya mahakama.

GENEVA YAFIKA NYANZA

Kilichobadilisha kila kitu kilikaliwa kikao mbali sana na ziwa. Na cha kushangaza, walioanzisha hoja walitoka Afrika. Mwaka 1922 serikali ya Wazungu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku bangi, wao wakiiita "dagga". Mwaka 1923 ikaandikia Jumuiya ya Mataifa ikitaka iwekwe kwenye kundi moja na dawa za kulevya za dunia nzima. Baadaye Misri nayo ikasimama kikaoni Geneva na kusema hashishi inawaharibia watu wao. Mkutano wenyewe uliitishwa kuongelea afyuni na kokeni. Bangi ikaingizwa humohumo. Tarehe 19 Februari 1925 mkataba ukasainiwa.

Sasa unganisha nukta. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Jumuiya ya Mataifa hiyohiyo. Kwa hiyo kilichokubaliwa Geneva kikashuka mpaka kwenye vitabu vya sheria vya makoloni. Mche uliokuwa unaota nyuma ya nyumba ukawa kosa, na mwenye nyumba hakuulizwa.

Tarehe 30 Machi 1961, New York, Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba mmoja mkubwa wa dawa za kulevya, bangi ikiwekwa kwenye kapu kali kabisa pamoja na heroini. Miezi kama nane baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata uhuru. Nchi mpya ikazaliwa kwenye dunia ambayo tayari ilikuwa imeshaamua kuhusu huo mmea. Bendera ikabadilika, marufuku ikabaki.

HELIKOPTA ZIKAUFUKUZA MMEA NDANI

Hapa sasa ndipo taa na feni zinapoingia kwenye hadithi, na inabidi tuvuke bahari kidogo.

Marekani, miaka ya 60 na 70, bangi nyingi ilikuwa inatoka Mexico. Serikali zikaanza kunyunyizia mashamba ya Mexico sumu ya kuua majani, na ilipofika 1978 hofu ya kuvuta sumu ilikuwa imeenea kwa wavutaji wa Marekani. Watu wakaanza kulima wenyewe kwenye milima ya kaskazini mwa California. Mwaka 1983 ikaanzishwa kampeni ya kung'oa mashamba hayo, na silaha yake kubwa ilikuwa helikopta. Kila msimu wa mavuno zinapita juu ya misitu, zikiona kijani cha ajabu zinashusha watu.

Wakulima wakafanya kile ambacho mtu yeyote anayewindwa kutoka angani angefanya: wakaingia chini ya paa. Lakini chini ya paa hakuna jua. Ikabidi watafute taa. Walizochukua ni zile kubwa za viwandani na za barabarani, zile za sodiamu zenye mwanga wa chungwa unazozijua kwenye nguzo za mjini. Zilitengenezwa kumulika lami, zikaishia kumulika majani.

Taa hizo zinatoa joto kali. Chumba kikifungwa ili jirani asione, joto linabaki ndani na hewa inachacha. Ikabidi ziletwe feni. Feni nazo zikitoa hewa nje, zinatoa na harufu. Ikabidi watafute cha kuzuia harufu. Unaona mtiririko? Kila kifaa kinatatua shida iliyoletwa na kifaa cha kabla yake, na shida ya kwanza kabisa ilikuwa ni kujificha.

Uholanzi nako hadithi ilienda kivyake. Mwaka 1976 sheria ilitenganisha dawa kali na bangi, na mikahawa ya kuuza kidogokidogo ikaanza kuvumiliwa. Ila kulima kwa ajili ya kuiuzia mikahawa hiyo kukabaki kosa. Yaani mlango wa mbele ruksa, mlango wa nyuma haramu. Na baridi ya kule sio ya kitoto: Desemba mchana haufiki hata saa 8. Kwa hiyo darini na kwenye mabohari ya Uholanzi taa zikawashwa miaka ya 80. Ni mpaka tarehe 15 Desemba 2023 ndipo miji ya Breda na Tilburg ilipoanza majaribio ya kuuza bangi iliyolimwa kihalali. Miaka 47 baadaye!

Kuna mtu mmoja wa kukumbukwa hapa, ambaye wala hakuwa mvutaji maarufu wala mfanyabiashara. Mwanasayansi Mfaransa, Julien Tournois, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa anachunguza mimea ya jamii ya katani, yaani bangi yenyewe, akagundua kwamba urefu wa mchana na usiku ndio unaoiamuru ichanue lini. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuliona hilo kwenye mmea wowote. Mwaka 1914 akafa vitani, kijana bado. Leo elimu yake inatumika kwenye mashamba ya maua na mboga kote duniani, na ndiyo iliyowafungulia njia watu wa vyumbani. Yeye alikuwa anatafuta kuelewa tu.

TAA INASEMA, FENI INASEMA

Ukisoma kesi za miaka hiyo unagundua mmea wenyewe mara nyingi haukuonekana na mtu. Kilichoonekana ni vifaa.

Tarehe 26 Oktoba 1989 maafisa wa Marekani walivamia maduka nchi nzima kwa siku moja. Hayakuwa maduka ya bangi. Yalikuwa ya taa na vifaa vya bustani za ndani. Waliangalia nani ananunua taa, wakafuata mizigo mpaka mlangoni. Aliyenunua kwa ajili ya nyanya naye akagongewa.

Halafu kuna jamaa mmoja wa mji mdogo wa Florence, jimbo la Oregon. Usiku wa Januari 1992, maafisa wawili walikaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, wakaelekeza kamera ya kupima joto kwenye nyumba yake. Dakika chache tu zikatosha. Paa la gereji na ukuta mmoja vilikuwa vya moto kuliko nyumba za majirani. Wakaunganisha na bili zake za umeme, wakaenda kwa hakimu kupata kibali, wakaingia wakakuta miche zaidi ya 100. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Tarehe 11 Juni 2001 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema kumulika joto la nyumba ya mtu bila kibali ni kuvunja faragha yake. Alishinda hoja, na hukumu ile inafundishwa vyuo vya sheria hadi leo. Lakini hesabu mwenyewe: kutoka 1992 mpaka 2001 ni miaka tisa ya maisha ya mtu, imeanzia kwenye joto la taa.

Kisa kingine ni cha kuchekesha kidogo. Haarlem, Uholanzi, mwaka 2015, theluji imeanguka mtaa mzima. Mapaa yote meupe isipokuwa moja tu. Theluji yake imeyeyuka kwa joto la ndani. Polisi hawakuhitaji hata kamera, walitumia macho.

Na Mei 2021, Sandwell nchini Uingereza, polisi waliona jengo lina nyaya nyingi, mabomba ya kutolea hewa, na droni inaonyesha joto kali juu ya paa. Wakavunja mlango wakijua wanakuta shamba la bangi. Wakakuta kompyuta karibu 100 zinachimba Bitcoin, zimeunganishwa na umeme wa wizi. Hata jani moja hakuna. Maana yake nini? Joto, umeme na upepo vinaongea lugha moja, na polisi wa kule wameshaisoma siku nyingi.

KILE AMBACHO KLIPU HAIONYESHI

Taa hizo zimelipiwa na watu, na sio kwa hela tu.

Kuna umeme. Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa Marekani alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilikuwa kinakula karibu asilimia 1 ya umeme wote wa nchi yao. Asilimia moja ya Marekani! Yote hiyo kuiga kitu ambacho jua la Magu linafanya bure.

Kuna nguvu ya bangi yenyewe. Kwa kuwa chumba ni kidogo na kila siku ya taa inagharimu, waliolima ndani walichagua mbegu zenye ukali zaidi ili nafasi ilipe. Marekani walipopima bangi iliyokamatwa, kiwango cha THC, ile kemikali inayolevya, kilipanda kutoka karibu asilimia 4 mwaka 1995 mpaka karibu asilimia 12 mwaka 2014. Hiyo sio bangi ya kibuyu aliyoiona Burton. Na madaktari wanaendelea kuonya kitu kilekile: anayeanza akiwa mdogo, akavuta kali na kila siku, ana hatari kubwa zaidi ya kuvurugikiwa akili. Wapo wanaovuta miaka na miaka wakiwa salama, ndiyo. Lakini wapo pia ambao mama zao ndio wanaowapeleka kliniki.

Na kuna watu wa ndani ya chumba. Hii ndiyo sehemu nzito. Uingereza, kuanzia miaka ya 2000, polisi walipovunja milango ya nyumba za kupanga zenye taa, mara nyingi hawakumkuta bosi. Walimkuta kijana kutoka Vietnam, wengine watoto kabisa, amefungiwa humo kumwagilia na kuangalia mimea, madirisha yamezibwa, nyaya za umeme zimeungwaungwa kienyeji. Hana pasipoti, anadaiwa nauli ya safari, haujui hata mji alipo. Moto ukiwaka, mlango umefungwa kwa nje. Wengi walishtakiwa kama wakulima wa bangi kabla watu hawajaelewa kwamba ni watumwa. Sheria ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka utetezi kwa waliolazimishwa namna hiyo.

Kwa hiyo ile taa ya zambarau inayopendeza kwenye klipu ina kijana fulani nyuma yake ambaye hakuwahi kupigwa picha.

MWANZA: JUA BURE, SHERIA GHALI

Turudi nyumbani. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, Januari mpaka Desemba. Mhispania au Mholanzi anaweza kueleza kwa nini alihitaji taa. Huku Kanda ya Ziwa taa ina kazi moja tu: kuficha.

Na ndiyo maana bangi ya huku haikuingia chumbani. Ilienda bondeni. Kwa miaka mingi jina linalotajwa kwenye operesheni ni Tarime, mkoani Mara, hasa kwenye bonde la mto Mara, mto unaomwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mpaka wa Kenya uko hapohapo, soko liko pande zote. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017, imeshapeleka vikosi huko kufyeka na kuchoma mashamba. Picha zinafanana kila mara: moshi, magunia, maafisa wenye mapanga. Mwenye shamba mara nyingi ameshakimbia. Anayebaki kukamatwa ni kibarua, au mwenye bodaboda aliyekubali kubeba gunia kwa elfu kadhaa.

Sheria yenyewe haina utani. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, ikaongezewa makali mwaka 2017. Mahakama zimeshatoa vifungo vya miaka 30 kwa kulima bangi. Miaka 30, mdau. Kijana wa miaka 22 akiingia leo anatoka na miaka 52. Mtoto aliyemwacha tumboni ameshakuwa mzazi. Na sheria haiulizi kama mche uliota bondeni au kwenye hema la kisasa. Anayeruhusu eneo lake litumike akijua, naye anaingia matatani. Hapo ndipo mama mwenye nyumba wa Mabatini au Igogo, aliyekupangisha chumba kwa uaminifu, anapoburuzwa kwenye kesi ambayo hakuipanda yeye.

Halafu fikiria nyumba zenyewe. Mtaani vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta, juu mabati, dari nusu au hakuna. Ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua ni sato au sangara. Mita ya LUKU mara nyingi ni moja, wapangaji mnachangishana, na yuniti zikiisha mapema kikao kinakaliwa siku hiyohiyo: "nani ana jiko la umeme?" Balozi wa nyumba kumi anajua mgeni wako alikuja saa ngapi. Jamaa wa Oregon ilibidi atafutiwe kamera ya joto. Mtaa wa Mwanza hauhitaji kamera, una majirani.

NG'AMBO YA ZIWA WANAFANYA NINI

Wakati huohuo dunia inasogea, na hilo nalo tuliseme. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017. Afrika Kusini, ileile iliyoanzisha hoja mwaka 1923, Mahakama yake ya Katiba tarehe 18 Septemba 2018 ikasema mtu mzima akilima na kuvuta faraghani sio kosa tena. Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020. Tarehe 2 Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ukaitoa bangi kwenye lile kapu kali la 1961, kura 27 kwa 25. Zaidi ya miaka 59 imepita, tofauti kura mbili.

Majirani wa ziwa nao hawajakaa kimya. Uganda imeruhusu kampuni zenye leseni kulima bangi ya dawa kwa kusafirisha nje, huku mwananchi wa kawaida akikutwa nayo bado anakamatwa. Mei 2023 mahakama yao ikaifuta sheria nzima ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na Bunge likarudi kupitisha nyingine. Rwanda mwaka 2021 ikaweka utaratibu wa kulima kwa ajili ya kuuza nje tu, ndani ya nchi marufuku. Kenya, Marasta walienda Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2021 kudai haki ya kuitumia kwa imani yao. Tanzania msimamo haujabadilika: ni kosa.

Angalia vizuri leseni za majirani zinaendaje. Uzio, walinzi, maabara, mtaji wa mamilioni ya dola. Kibarua wa bondeni aliyechomewa shamba hana nafasi kwenye hiyo biashara, wala kijana wa chumba kimoja Buzuruga. Kisheria au kinyume cha sheria, mwenye mtaji anakaa mbali na taa, na aliye karibu na taa ndiye anayekamatwa. Hilo halijabadilika tangu California ya 1983.

KWA HIYO?

Swali la kama sheria ya Tanzania ilegezwe au ibaki ni swali halali, na lina watu makini pande zote mbili. Linajibiwa bungeni Dodoma, mahakamani, na kwa wananchi kubishana hadharani kama hivi. Haliwezi kujibiwa ndani ya hema jeusi kwenye chumba cha kupanga. Mtu mmoja aliyefungwa miaka 30 habadilishi sheria yoyote. Anapungua tu mtaani.

Na kuna kitu kidogo cha kufanya wikiendi hii. Kama nyumbani kuna bibi au babu wa Ukerewe, Sengerema, Magu au Tarime, kaa naye umuulize: enzi zao mmea huu uliitwaje, nani aliruhusiwa kuuvuta, na nani alikuwa anachekwa akiuvuta? Vitabu vya wageni kina Burton vinatoa upande wao tu. Upande wa pili uko kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Ukipata jibu, liandike hapo chini wengine wasome. Na wewe unayekuja kuuliza bei ya taa, soma tena pale kwenye miaka 30.